Samaki wa Deraya wa Mama Mdogo

Pampu ya hewa ilikoroma sebuleni kwetu Majengo kutwa nzima, kama mtu aliyelala na mafua, na kila nilipoisikia nilijua kwamba nyumba ile si yangu na baba peke yetu tena. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Miaka yote iliyofuata baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, alirudi kutoka kazini na kuniuliza kabla hajavua viatu, "Umeshakula?" Kisha akamwoa Zuhura, mwanamke mpole kutoka Bomang'ombe, niliyemwita mama mdogo, naye akaja na tangi lake la kioo. Kabati la vyombo vya mama likasogezwa ukumbini ili tangi lipate nafasi. Ndani yake waliogelea samaki wadogo wa rangi ya chungwa, na chini kabisa, akiwa amejibanza nyuma ya kigae cha chungu, alikaa samaki mmoja mweusi mwenye madoa ya kahawia, mwili wake umevikwa vigamba vigumu vilivyopangana kama deraya ya askari wa kale. Mdomo wake ulikuwa tumboni, mviringo, na aliutumia kujigandisha kwenye kioo. Baba alimpenda mno. Jioni alivuta kigoda, akakaa bega kwa bega na mama mdogo, na swali lililokuwa langu likahamia kwa yule samaki: "Ameshakula?"

Niliona wivu. Mwezi wa saba, baridi ya mlimani iliposhuka mjini, mama mdogo aliomba kitu cha kulifunika tangi lisipoe, na baba akampa blanketi nililolalia nikiwa mchanga. Hakuniuliza. Tangu siku ile nikawa namchunguza yule samaki kila nitokapo shule, nikimtafutia kosa. Haikuchukua muda nikalipata. Samaki mmoja wa chungwa alikuwa na kidonda ubavuni, na nilimwona yule mweusi amemng'ang'ania pale pale kwa mdomo wake.

Mjomba Shabani, kaka wa marehemu mama, alikuwa akilima mpunga Chekereni na alikuwa amekuja kututembelea. Nikamvuta mkono hadi kwenye tangi. "Mjomba, huyu kambare si anawanyonya wenzake?"

Aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Huyu si kambare wa kwetu. Wale wa mifereji yetu wana ngozi laini, wanateleza mkononi. Huyu amevaa bati. Na kama ananyonya wenziwe, mtoeni humu ndani."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakubishana. Alisema tu, "Ngoja kwanza tumjue ni nani, shemeji. Mwanangu, wewe una macho mazuri, njoo unisaidie."

Akatoa simu yake ya kupangusa, akatafuta picha. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba huyo ni msafisha kioo tu, anaishi kwa kula uchafu. Picha zilionyesha samaki wawili waliofanana sana, wote asili yao mito ya Amerika ya Kusini, na njia ya kuwatofautisha ilikuwa kuhesabu vijiti vya pezi la mgongoni: mmoja ana vichache, mwingine kumi au zaidi. Nilibandika pua kwenye kioo nikingoja alinyanyue. Alipolitandaza kama tanga, nikahesabu, nikarudia. Vilizidi kumi. "Basi ni huyu," alisema mama mdogo, akinionyesha picha ya yule aitwaye pleko. Akanisomea kwa sauti: anahitaji mboga, na gogo la kukwangua, na akikosa chakula cha kutosha huweza kuwafyonza wenzake. Tulitazama tumbo la samaki kupitia kioo. Lilikuwa limebonyea.

"Kumbe mimi ndiye niliyemweka na njaa," alisema taratibu.

Tulimkatia kipande cha tango, tukakichoma uma kizame. Alitoka mafichoni na kukifunika kwa mdomo, na hakukiachia. Baba aliporudi, mama mdogo alimwambia, "Binti yako ndiye aliyemtambua." Baba alicheka kwa furaha, akanishika kichwa, lakini macho yake yalikwenda kwa mama mdogo kwanza. Ningeweza kumchukia kama angejisifu. Hakujisifu, na nikamwonea wivu hata kwa wema wake.

Samaki alikua akawa na urefu wa mkono wangu, tangi likamshinda. Mjomba alikataza asitupwe mferejini, maana mgeni kama yule angeweza kuzaliana na kuwasumbua samaki wa kwetu, basi akapelekwa kwenye bwawa la saruji la rafiki wa baba, akaishi huko mpaka alipokufa.

Siku hizi nafanya kazi Arusha, na mume wangu hunitania kwamba napenda kuulizwa habari zangu kabla ya za mtu mwingine. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani bila kuwaarifu. Niliwakuta barazani wakichambua mchele, wamenipa mgongo, wanacheka jambo ambalo sikulisikia. Baba amezeeka, na hazeeki peke yake. Hilo lilinifurahisha kweli. Hata hivyo sikubisha hodi. Nilisimama na mkoba wangu, mwanamke mzima, nikingoja baba ageuke.

Aligeuka mama mdogo.

"Mwanangu," alisema, akiweka ungo chini. "Umeshakula?"