Nilivyomwonyesha Mama Neema Maua ya Porini

Nilirudi nchi ya baba yangu, huku kusini kwa Wazulu, kutoka Morogoro na begi moja, nikajisomesha mwenyewe hadi diploma ya bustani. Hivyo Mama Neema, msusi wa mtaa wa Malvern ninayemposa bintiye, alipotamani kuona maua ya porini mwanzo huu wa machipuko, nilijua posa imepita.

Jumapili nikawapandisha kilimani, mama na binti. Nyasi zilikuwa zimeungua, ardhi nyeusi tii, na katikati limesimama ua kubwa la rangi ya chungwa. Nikapiga magoti mbele yake.

"Hili ni la asili, mama. Halijaguswa na mkono wa mtu."

Bibi mmoja mwenye kanzu nyeupe, wa kanisa la wanaosali vilimani, aliyekuwa akisali jirani, akasema jambo kwa Kizulu. Nilielewa, nikaendelea kulisifu ua. Lakini Neema, tofauti na mama yake, amezaliwa hapa na anajua Kizulu.

"Mama, anasema hilo alilinunua kitaluni, akalipanda kuweka alama mahali pake pa kusali. Ya porini ni yale madogo ya njano."

"Yako wapi?"

"Chini ya magoti yake," akaninyooshea kidole.

Mama Neema akainama, akatazama.

"Baba, inuka polepole," akaniambia. "Yamebaki mawili."