Vijungu Tulivyofukia Bondeni

Niliporudi Burundi kutoka kambini Tanzania nilikuwa na cheti cha shule na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Mama yangu alirudi na jiwe lake la kulainishia vyungu, alilolifunga kwenye khanga miaka yote ya ukimbizi. Kilima chetu kiko karibu na Gasorwe, mkoani Muyinga. Sisi ni Watwa, na sisi ndio tuliofinyanga vyungu vya maharage vya kilima kizima, vya waliotupenda na vya wasiotupenda. Nasema hivyo kwa kujivuna, maana nimeshasikia sana jina hilo likisemwa kwa namna nyingine.

Chini ya kilima kuna bonde, na humo ndimo ulimo udongo wa kufinyangia. Mashamba walikuwa nayo wengine. Sisi tulikuwa na bonde. Wiki ile ile tuliyorudi mama alishuka na jembe, akanifundisha desturi niliyokuwa nimeisahau. Ukishachota udongo wa kukutosha, huachi shimo wazi. Chini kabisa unafudikiza kijungu kidogo kama ngumi, kilichochomwa vizuri, chenye alama za kidole gumba chako mdomoni. Halafu unarudisha udongo mweusi, unapandikiza majani juu na mizizi yake, unakanyaga. Kijungu kinamwambia atakayechimba baadaye kwamba hapa pameshachotwa, asogee. Mvua ikinyesha mara mbili tatu, huoni kwamba jembe lilipita.

Na usafi huo ndio uliotuponza. Miaka michache baadaye ikaja kampuni ya kutengeneza vigae. Walitaka udongo wetu wote, kwa mashine, na wakaanza kupigilia vigingi. Mama alishuka kuwauliza. Msimamizi wao, mtu wa mjini, hakuwa mkali hata kidogo.

“Bon, mama, hapa iko pori tu,” alimwambia. “Hakuna shamba, hakuna shimo. We uko na papier?”

Papier, yaani karatasi ya umiliki, hatukuwa nayo. Nikasema kazi hiyo niachiwe mimi niliyesoma. Niliandika barua kwa ofisi ya komini, nikaandika Muyinga, kisha nikapanda basi hadi Gitega, kwenye ofisi kubwa. Safari ya kwanza mkuu alikuwa mkutanoni. Ya pili, faili lilikuwa halijafika. Ya tatu lilikuwa limefika, ila hakuna aliyelifungua. Safari hiyo karani alishanijua kwa sura, akanivutia kiti. Nilikaa mpaka mchana, nikarudi nyumbani nikijua kwamba nilichopata serikalini ni kiti.

Nilifika nikiwa nachemka. Nikamwambia mama kwamba huko kufunika kwake ndiko kunakotumaliza, kwamba tungeacha mashimo wazi hata kipofu angejua bonde lina wenyewe. Sikungoja jibu. Kesho yake nilichimba mashimo manne, makubwa, nikayaacha wazi ili wayaone.

Aliyeyaona kwanza ni ng'ombe wa jirani, mwenye mimba. Alivunjika mguu, ikabidi achinjwe. Jirani huyo alikuwa ameahidi kusimama upande wetu siku tutakapoulizwa. Alikuja hadi mlangoni, hakupaza sauti, akamuuliza mama tangu lini watu wa nyumba hii wanaacha mashimo. Mama alimwomba radhi akiwa ameinama. Kisha akaenda kuyafukia yote manne peke yake, akakataa nisishike jembe. Afadhali angenisema, maana aibu ile ninayo mpaka leo.

Ofisa kutoka Gitega alikuja mwishowe, lakini alikuja na gari la kampuni. Kilichobaki kilikuwa sahihi yake tu, kwamba bonde ni tupu, na mashine ingeanza. Walisimama pale yeye, msimamizi na mkuu wa kilima. Jirani naye alikuja, akasimama mbali nasi. Nilikuwa na nakala za barua zangu zote mkononi. Hakuna aliyeziomba.

Mama alipita katikati yao na jembe. Alianzia pale kijito kinapokata kona, akahesabu hatua zake taratibu, akasimama, akachimba. Msimamizi alitazama saa. Shimo lilipofika magotini mama aliinama, akaingiza mkono kwenye maji, akatoa kijungu. Alikiosha kwenye nguo yake, akampa ofisa. Alama za gumba mdomoni zilikuwa zimelala upande mmoja zote.

“Ni ya mama yangu,” alisema. “Yeye alikuwa anatumia mkono wa kushoto.”

Akahesabu hatua nyingine, akachimba, kikatoka cha pili. Hicho kilikuwa chake, cha usichana, kabla hatujakimbia. Alipoanza cha tatu pumzi ilimwishia. Hapo jirani, yule wa ng'ombe, alitoka alipokuwa amesimama, akamchukulia jembe mkononi, akaendelea yeye. Ofisa akauliza viko vingapi. Mama akamwonyesha kijito, akamwambia afuate maji mpaka achoke.

Nilimtazama mama yangu, matope hadi mapajani, nikajivuna kiasi kwamba nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Ofisa alitaka kuondoka na kijungu cha bibi, kiwe ushahidi ofisini. Mama akakichukua tena, kwa adabu.

“Hapana, shefu. Hii ikienda Gitega, hapa inabaki pori.”

Basi ofisa alichuchumaa kwenye matope na viatu vyake vizuri, akachora alama zile kwenye daftari, moja moja, kisha akaagiza vigingi ving'olewe mpaka shauri litakaposikilizwa. Mama alirudisha vijungu vyote mahali pake, akafunika.

Shauri halijasikilizwa. Karatasi ya bonde letu haijatoka, nami bado napanda basi kwenda Gitega, na karani bado ananivutia kiti. Lakini mashine haijashuka, na vyungu vyetu viko sokoni.

Siku hizi magoti ya mama hayamruhusu kwenda bondeni. Kiangazi kilichopita nilishuka peke yangu, nikachota, nikaweka kijungu changu mwenyewe chini. Niliporudi na mzigo kichwani hakuuliza udongo ni mzuri au la. Aliniuliza kama nimefunika.

Nikamwambia nimefunika, na ng'ombe wa jirani amelala juu yake.