Mashua ya Alumini na Misumari ya Shaba

Mzee Sadallah wa Kunduchi alikuwa na sharti moja tu kazini, na hakuna aliyewahi kumwona akilivunja: msumari wa chuma hauingii kwenye mashua yake. Chuma kinashika kutu, kutu inalegeza ubao, ubao unaachia, na watu wanabaki baharini wamekumbatia madumu. Yeye alipiga shaba. Ukimpelekea misumari ya dukani alikurudishia, akakuuliza kama una ugomvi na hao utakaowapandisha. Kwa miaka thelathini na nane, mtu akinunua mashua kuanzia Kunduchi hadi Mbweni aliuliza kwanza kaiunda nani. Akitajiwa Sadallah, biashara imekwisha.

Lakini dunia haikai ikamsubiri mtu. Mbao za mninga na mvule zikaadimika, vibali navyo vikawa na mlolongo wake. Mwaka juzi aliunda mashua mbili, mwaka jana moja. Mwaka huu, mpaka mfungo unakwisha, alikuwa ameziba nyufa za mashua za watu tu. Mwanawe wa kwanza, anayetengeneza makochi Keko, alimpigia simu kila Ijumaa baada ya swala: baba, njoo huku, kazi zipo na kivuli kipo. Mzee alimjibu kwa upole, kisha akikata simu anasonya. Makochi! Yeye aliyeunda vyombo vya kwenda kina kirefu, leo amtengenezee mtu pa kukalia akitazama tamthilia? Kwenda Keko, kwake, ilikuwa sawa na kuzikwa mapema.

Ndipo akaja Mwamvita. Na Mwamvita si mtu wa mchezo, nakwambia. Ni mjane mwenye vyombo viwili, vyote kaviunda Sadallah, na pale mnadani pa samaki wanaume wazima hushusha sauti akipita. Alimwamkia Mzee, akakaa juu ya gogo, akasema bila kuzungusha kwamba anataka chombo cha tatu, na safari hii anataka cha alumini. Kiende mbali kufuata jodari na nguru, na mwanawe Suhaib ndiye awe nahodha.

Moyo wa Mzee ulishuka. Akamuuliza, sasa kwake kafuata nini.

"Nimekufuata wewe," Mwamvita akasema. "Kuchomelea atachomelea mwingine. Lakini mie sijui kuchagua, na mwanangu simpandishi kwenye kitu ambacho hujakigusa. Na ndani kote utavika mbao wewe."

Akamweleza pia kuwa wenye vyombo wenzake wanachungulia tu. Kikitoka kizuri, nao watataka, na wote watahitaji fundi wa mbao. Mzee akaelewa kwamba mlango wa pwani ulikuwa unafungwa, na huyu mama kautia mguu ili yeye apite. Usiku huo alinoa patasi zake zote, hata zile ambazo hazikuhitaji kunolewa.

Karakana ya hizo mashua za alumini, sikia maajabu, ilikuwa Madale. Mashua zinaundwa mlimani, mahali ambapo maji pekee ni ya bomba, nayo yanatoka kwa zamu. Mwenyewe alikuwa Kasimiri, mtu wa Mbinga wa miaka thelathini na tano hivi, aliyechomelea matenki ya malori ya mafuta, kisha madirisha na milango, kisha akageukia mashua. Kuchomelea anakujua haswa. Ila Mzee Sadallah alishamwita moyoni "bwana madirisha", na jina hilo likaganda. Neno fundi hakumpa. Kasimiri hakuwa na habari. Alimpa shikamoo kwa mikono miwili, akamletea kiti chake mwenyewe, yeye akabaki amesimama.

Mzee, Mwamvita na Suhaib walioneshwa matumbo matatu ya mashua. Mzee akayazunguka, akayagonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, ingawa moyoni alijua hajui anasikiliza nini. La kwanza lilikuwa bapa, akasema hilo la bwawani. La pili jembamba, la mbio, akasema hilo la kujionyesha kwa wasichana, na Suhaib akatazama pembeni. La tatu lilikuwa la futi ishirini na nane, lina kina na omo, pua ya chombo, iliyoinuka. Akalishika omo, akafumba macho kidogo, akasema hili litapanda wimbi. Kuhusu umbo hakukosea hata chembe, na hilo lazima nimpe haki yake.

Kisha ikaja kazi ya kukifanya chombo kiwe cha wenyewe. Mzee alimwingiza Suhaib ndani, pale nchi kavu, akamwambia avute mshipi wa hewani kama kamnasa jodari wa kilo hamsini. Vijana wa karakana waliacha mashine wakacheka, Suhaib akaona haya, lakini akavuta. Ukingo ukamgonga chini ya goti. Mzee akasema huyu samaki akistuka, nahodha anamfuata majini; akachora kwa chaki, ukingo upande vidole vinne. Sanduku la barafu akalitoa nyuma akalileta katikati, ili uzito wake usirundikane na wa mashine ya nyuma. Suhaib alitaka chumba kimoja cha hewa cha ubavuni kitobolewe, kiwekwe samaki. Mama yake akakataa kabla hajamaliza kusema. Vyumba vile ndivyo vinavyokiweka chombo juu hata kikijaa maji, na yeye alishamwekea matanga mume mmoja ambaye mwili wake haukuonekana. Hakuna aliyelirudia jambo hilo.

Kwa kila neno la Mzee, Kasimiri aliandika kwenye daftari na kujibu: sawa, Mzee. Ukingo? Sawa, Mzee. Barafu? Sawa, Mzee. Na Mzee, binadamu bwana, akanogewa. Hapo kwenye hiyo "sawa, Mzee" ndipo balaa lilipoanzia, ila wakati huo ilisikika kama adabu tupu.

Alumini ikikaa juani inaunguza mapaja, na mshipi ukisugua bati unakatika. Kwa hiyo mabenchi, sakafu na ukingo vilikuwa vya mbao, kazi ya Mzee. Siku ya kwanza alishika bati, akataka kumuuliza Kasimiri: hiki kitu kinapatana na nini? Swali lilimfika ulimini. Kisha akajiona, yeye mwenye mvi, anamuuliza bwana madirisha mbele ya vijana wake. Akalimeza. Akafungua mkoba, akatoa misumari yake bora ya shaba, ile aliyokuwa ameiweka akiba kwa ajili ya chombo cha heshima. Akaacha ubao mmoja tu wa kuinulia wakati wa kutoa maji, sakafu nyingine yote akaipiga kwa shaba, na ncha akazikunja kwa chini, zikalalia bati, kama alivyofundishwa na mjomba wake, ili ubao usicheze milele.

Mchana mmoja Kasimiri alipita, akasimama, akaitazama nyundo. Akafungua mdomo. Mzee akainua kichwa, akamuuliza anasemaje.

"Hakuna, Mzee," Kasimiri akasema. "Kazi nzuri." Akaenda zake.

Chombo kilishuka kutoka Madale juu ya lori la fuso, watoto wanakimbia nyuma yake hadi Tegeta, kikaingia majini Kunduchi. Miezi minne kilifanya kazi isiyo na mfano. Wenye vyombo wawili wakaenda Madale kuagiza vyao, na kwa mbao wakamtaja Mzee Sadallah. Ijumaa, mwanawe akipiga simu kutoka Keko, Mzee hakusonya tena. Alimuuliza hali ya wajukuu na kucheka naye. Alikuwa na furaha, na haikujificha.

Mwezi wa tano tangu kiingie majini, Suhaib alikipandisha mchangani kukisugua. Alasiri ile ile walikuwa waondoke tena, watu sita, siku tatu, mbali. Akamwomba Mzee akipitishie jicho. Mzee akaingia peke yake na kisu kidogo, akainua ule ubao wa kutolea maji, akapapasa bati la chini, pale maji ya ndani hutuama. Vidole vikatoka na unga mweupe. Akadhani chumvi, akaonja; haikuwa chumvi. Akatazama vizuri. Kila mahali ncha ya msumari wake ilipogusa bati, palikuwa na kidonda cheupe kama jino bovu. Kimoja akakigusa kwa kisu. Ncha ikapita. Akaona mchanga wa pwani kupitia chombo cha Mwamvita.

Miaka thelathini na nane hakuna chombo chake kilichovuja kwa kosa la mkono wake, na leo katoboa kwa ile ile shaba aliyojivunia. Akawaza wale wenye vyombo wawili. Akawaza makochi ya Keko. Mikono ikajifanyia mambo yenyewe: ikatoa mkobani pamba ya kalafati, ya kuzibia nyufa, ikaisokota, ikaziba tundu, ikarudisha ubao. Ilikuwa kazi safi, asiyejua asingeona kitu. Akashuka. Suhaib akamuuliza vipi.

"Safi," Mzee akasema.

Akatembea hatua kumi, labda kumi na tano. Nyuma yake akamsikia Suhaib akiwaambia wenzake, kwa furaha kabisa, kwamba Mzee kakipitisha, pakieni barafu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Sita wale waliinama wakaanza kubeba, na Mzee akaona kwamba hilo jina lake analolikinga ndilo lililokuwa linawapandisha. Akasimama. Hapo palimuuma kuliko mahali popote alipowahi kuumia, na nakuhakikishia alitamani ardhi immeze. Kisha akarudi.

"Teremsheni barafu," akasema. "Nimewadanganya. Chombo kinatoboka, na aliyekitoboa ni mie."

Mwamvita aliitwa. Alikuja na kanga ya mnadani yenye magamba ya samaki, akaoneshwa vidonda, akavihesabu vyote kwa kidole. Akaita fuso. Njia nzima hadi Madale alikaa mbele kwa dereva, Mzee akiwa katikati yao na mkoba wake wa misumari magotini, Suhaib nyuma na chombo.

Kasimiri alichungulia chini ya sakafu mara moja tu, akainua uso, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshangaa. Mzee akauona.

"Siku ile ulisimama ukanitazama napiga," Mzee akasema. "Ulijua?"

Kasimiri akajifuta mikono. "Nilijua, Mzee."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzia wapi kukukosoa? Umeanza kuunda mashua mie sijazaliwa. Nikadhani pengine una sababu yako, sie wa bara hatuijui."

Mzee alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alikumbuka swali lake mwenyewe alilolimeza siku ya kwanza. Alikumbuka na wengine, mafundi aliowakaripia miaka nenda rudi wakafunga midomo. Nani ajuaye walikuwa wanataka kumwambia nini. Alitaka kusema kitu, lakini Mwamvita alimtangulia.

"Mmoja kaona haya kuuliza, mwingine kaogopa kusema," akasema, sauti yake ya chini kabisa. "Heshima zenu hizo zingeniulia mtoto."

Halafu akalia. Watu wa Kunduchi hawajawahi kumwona Mwamvita akilia, hata kwenye msiba wa mumewe, na wale wanaume wawili hawakujua waweke wapi macho. Suhaib akamshika mama yake bega. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kanga, akasema chombo hakitoki hapo mpaka yeye mwenyewe akitazame ubao kwa ubao, na hakusema nani afanye kazi hiyo na nani aondoke.

Vijana wa karakana walikuwa wamezima mashine zote. Mmoja akamletea Mzee kile kiti cha siku zote. Mzee akakisogeza nyuma ya Kasimiri ili mwenyewe akae, kisha yeye akapanda ndani ya chombo, akapiga magoti sakafuni, akauweka mkoba wa shaba pembeni. Akang'oa ubao wa kwanza.

"Fundi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza. "Nielekeze. Usiniambie sawa, Mzee."

Kasimiri hakukikalia kiti. Aliangalia vijana wake, akamwangalia Mwamvita, ambaye hakumsaidia. Hatimaye akaingia, akachuchumaa karibu yake. Akaeleza, kwanza kwa kusitasita, kwamba shaba na alumini haziwekwi pamoja penye maji ya chumvi, shaba inamla mwenzake taratibu. Kwamba ubao uliolowa juu ya bati unaficha ugonjwa. Kwamba hapa hufungwa bolti za stenlesi, chuma kisichoshika kutu, na katikati hutiwa kipande cha nailoni ili vitu visigusane. Mzee akamuuliza kwa nini. Akajibiwa. Akauliza tena.

Kisha kidole cha Kasimiri kikashuka kwenye bati.

"Hapa umekosea, Mzee," akasema. "Na hapa. Hapa pia."

Mzee Sadallah akachora duara la chaki pale kidole kilipogusa.

"Endelea," akasema.