Uzi Mwekundu Kwenye Kola

Dada yangu alikuwa na neno moja lililonichosha kuliko kazi yenyewe. Mtu akisimama mlangoni, awe ameloa, awe amepotea njia, awe anaomba maji tu ya kunywa, Dada huacha beseni, hufuta mapovu mikononi na kuniambia kwa sauti ya chini, "Huyu kaletwa."

"Kaletwa na nani?" huwa namjibu. "Kaletwa na miguu yake."

Sisi ni madobi. Dada anafua uani, mimi napiga pasi ndani, kwenye meza iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye madoa ya kuungua. Chumba ni hicho hicho kimoja: huku meza na nguo za watu, huko nyuma ya pazia vitanda vyetu. Mtaa mzima ni wa madobi kwa sababu ya bomba la maji lililo katikati, na mtaa mzima unamjua Dada kwa moyo na mimi kwa mdomo. Mteja akiona nguo yake imeungua humlilia Dada. Kwangu mimi niliyeiunguza haji.

Sasa, dobi asiye na alama si dobi. Nguo za nyumba chungu nzima zikiingia beseni moja, utajuaje ya nani ni ipi? Kwa hiyo shati likija, kabla halijaguswa na maji, tunalitia mshono mdogo wa uzi ndani ya kola. Wateja wote tunawatia uzi mweusi, huyu mshono wa hivi, yule wa vile. Uzi mwekundu Dada aliuweka kwa mtu mmoja tu, mwanawe. Tunamwita Mrefu, maana alianza kugonga kichwa juu ya mlango kabla hata hajaota ndevu. Madobi wenzetu walimtania tangu utotoni: "Wewe hata ukipotea, tutakusoma shingoni."

Akapotea kweli.

Alikuwa amekua, amechoka kunuka sabuni, amechoka kuchekwa kola. "Mama, mimi si shuka ya hospitali," alimwambia Dada siku moja, na wakakosana, maneno ya kawaida ya mama na mwana, si ya kuvunja nyumba. Asubuhi moja tukaamka na kukuta kitanda chake kimetandikwa vizuri, begi halipo, na mashati yake yote hayapo isipokuwa moja jeupe lililokuwa bado uani kwenye kamba. Simu yake haikupatikana tena. Dada aliuliza polisi, aliuliza stendi, aliuliza kila aliyetoka safari. Hakuna aliyemwona. Lile shati jeupe akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, na kila wiki alilishusha, akalipiga pasi upya, akalirudisha pale pale. Pasi ni kazi yangu, lakini lile hakuniachia.

Hapo ndipo lilipoanza hilo la kuletwa. Dada alikuwa amejipigia hesabu yake na Mungu. "Nikimsitiri wa mwenzangu mlangoni kwangu," alisema, "na wangu atasitiriwa mlangoni kwa mtu huko aliko. Mungu hapigi simu, mdogo wangu. Ananiletea mtu, kazi yangu ni kumtambua."

"Watu husema tenda wema nenda zako," nikamwambia. "Wewe unatenda wema unakaa kungoja chenji."

Alicheka siku hiyo. Miaka ilivyozidi kupita, hakucheka tena, lakini wageni aliendelea kuwapokea. Kuna aliyelala sakafuni kwetu akaondoka na sufuria. Kuna mwanamke aliyejifungulia karibu na meza yangu ya pasi. Mrefu hakurudi, wala hakuja mtu kusema kamwona. Nilimwona Dada akikonda mbele ya macho yangu na sikuwa na la kufanya. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mimi wa kwangu sikujaliwa.

Basi mchana mmoja wa jua kali akaja kijana mmoja, mrefu, shati limechafuka kifua kizima kwa oili. Lori lilikuwa limepita kwenye dimbwi nje ya gereji na kumrushia. Alikuwa ameitwa kazini kwenye kiwanda cha unga, aonane na msimamizi kabla geti halijafungwa, na shati lilikuwa hilo hilo moja. Aliomba lifuliwe upesi, naye ajifiche ndani mpaka likauke, maana aliona haya kukaa kifua wazi mbele ya akina mama.

"Oili hiyo si ya mchezo," nikamwambia. "Kaa hapo kwenye kigoda ungoje. Kiwandani utakwenda kesho."

"Kesho watakuwa wamechukua mwingine, mama mdogo," akasema.

Mama mdogo. Hakuna aliyemwambia aniite hivyo, ameona tu wanawake wawili wanaofanana akapanga mwenyewe nani mkubwa. Lakini ndivyo Mrefu alivyoniita. Mikono ya Dada ikasimama ndani ya maji. Akainua macho, akaangalia pazia, na mimi nikajua anaangalia msumari.

"Dada, usithubutu," nikasema.

"Huyu kaletwa."

Lile shati jeupe la msumarini lilimkaa kama alikatiwa yeye, mikono mpaka kwenye viganja. Dada alimweka kola sawa kwa vidole, akamgusa bega, akarudi nyuma kumtazama. Kijana alishukuru mpaka nikaona haya mimi. "Jioni nalirudisha, mama," akasema, akainama chini ya mlango, akaenda. Hatukumuuliza hata jina.

Jioni ilikuja yeye hakuja. Kesho yake vile vile, na siku iliyofuata. Nilisema, kwa nini nisiseme? "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, Dada, umepona?" Dada alikuwa ameinamia beseni. Alikuwa anasugua shati la oili kwa mafuta ya taa na sabuni, anasuuza, anaanza tena, mpaka doa likabaki kivuli tu.

Asubuhi moja akaja Bwana Wanga. Ni jirani yetu, dobi wa mashuka ya hospitali, na jina hilo alipewa kwa sababu hata leso ya mtoto ataitia wanga mpaka isimame. Siku hiyo hakuwa na furushi. Alisimama mlangoni akitazama miguu yake.

"Mama Mrefu," akasema, "keti kwanza."

Dada hakuketi. Bwana Wanga akaeleza kwamba alikuwa amekwenda kuchukua mashuka chumba cha maiti, na mhudumu wa kule, akijua madobi tunatia alama, akamwonyesha shati la kijana aliyeletwa bila mtu wa kumjua. "Uzi mwekundu," akasema. "Ndani ya kola, mshono wako. Uso sikuutazama, sikuweza. Mrefu karudi, dada yangu. Pole."

Mimi niliishika meza. Dobi mwingine yeyote wa mtaa huu angesema vile vile. Kwetu alama haidanganyi. "Shati rangi gani?" nikauliza. "Jeupe." Nikakumbuka kwamba Mrefu aliondoka na mashati meupe mengine, na yote yalikuwa na uzi. Kwa hiyo aliyelala kule angeweza kuwa mtoto wetu, na angeweza kuwa yule mgeni.

Njia nzima niliomba. Mimi si mtu wa kuomba, Mungu mwenyewe atakuwa alishangaa kunisikia. Niliomba awe yule mgeni. Nilimwombea mtoto wa watu kifo, kwa moyo wangu wote, na ningerudia. Dada alitangulia mbele, hatua za kawaida, ana kifurushi kidogo kwapani ambacho sikujua ni cha nini. Hakulia wala hakuuliza. Nilidhani moyo umekufa ganzi.

Chumba kilinuka dawa, na maji yalikuwa yakichuruzika kwenye sakafu ya saruji kutoka bombani. Mhudumu, mwanamume mzima mwenye viatu vya mpira, akafunua shuka.

Alikuwa yule mgeni. Upande mmoja kola ilikuwa bado imekaa vile vile Dada alivyoiweka.

Nilishusha pumzi kwa sauti, karibu nicheke, kisha nikaona aibu nikageukia ukutani. Mhudumu alikuwa anaeleza: lori, barabara ya kiwandani, siku ile ile, alikuwa anavuka. Hakufika.

"Ni wako, mama?"

"Si wangu," Dada akasema. "Shati ni la mwanangu, nilimpa mimi. Lakini nitamzika."

Mhudumu akatikisa kichwa. Asiye na ndugu hatolewi, akasema. Atakwenda na wenzake kwenye shimo la manispaa watakapokuja kuwachukua. Nikamvuta Dada nguo. "Twende. Tushukuru Mungu, twende nyumbani." Hakusogea. Alisimama tu, mkono wake juu ya ile kola.

Mhudumu akamtazama kwa muda. Akaenda kufunga bomba, akajifuta mikono, akarudi.

"Mama, hilo la kwanza sikulisikia vizuri, maji yalikuwa yanapiga kelele. Ni wako?"

"Ni wangu," Dada akasema.

"Jina lake?"

"Mgeni."

Ni jina la watu, wako wengi wenye jina hilo. Akaliandika bila kuinua uso.

Nje kulikuwa na benchi. Dada akakaa, na hapo ndipo alipoanza kulia, uso wazi, bila hata kujifunika khanga. Hakuwa amelia hivyo tangu Mrefu aondoke. "Ningemnyima," akasema, "angengoja lake likauke. Wewe ulimwambia angoje. Nilijiona nimemtambua aliyeletwa, kumbe nimemvika nikampeleka kwenye lori."

Neno hilo lilikuwa kwenye ulimi wangu tangu ndani. Nililimeza. Nikasema ajali haina kinga, maneno ya msibani, yale ambayo mtu husema akikosa la kusema.

Kiwandani tuliuliza, getini hawakuwa na jina lake, tukamzika tukiwa wachache. Bwana Wanga, kwa aibu ya kukosea, alileta shuka nyeupe ya sanda aliyoifua kwa mkono wake, na kwa mazoea ya miaka alikuwa ameitia wanga, ikawa ngumu kama mbao haikunjiki. Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Bwana Wanga akaikanda na kuikanda mpaka ikalegea, machozi yanamtoka. Dada alisimama mahali pa mama wa marehemu, maana hapakuwa na mwingine wa kusimama pale. Huko mbali kuna mwanamke aliyekuwa anajua mwanawe kapata kazi kiwandani.

Tuliporudi Dada alifungua kile kifurushi. Lilikuwa shati la oili. Akalipiga pasi polepole, akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake. "Huenda akaja wa kumuulizia," akasema.

Nikamwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mtu. Na mimi niliyekuwa namcheka, nikasema neno ambalo sikutegemea litoke kinywani mwangu, na nililiamini nilipokuwa nalisema.

"Dada, pengine aliletwa kweli. Kufa kulikuwa kwake, lori lile lingempata kesho au leo. Lakini bila uzi wako angetupwa shimoni na wasio na watu. Wewe ulimtia alama. Na Mrefu wetu naye anao uzi. Popote atakapoangukia hapakosi dobi, na dobi atauliza, huu mshono wa nani? Sisi tumefanya yetu kwa wa watu."

Dada aliketi kitandani.

"Mrefu hana uzi," akasema.

"Anao. Mashati yote ulimtia wewe."

"Asubuhi ile alipoondoka nilifagia chini ya kitanda chake. Nilizoa vipande vya uzi mwekundu, vingi, na wembe. Aliutoa kwenye kola zote. Lile jeupe tu lilimponyoka kwa kuwa lilikuwa kwenye kamba."

Ndipo nikaelewa zile hatua zake za kawaida njiani, na kile kifurushi. Tangu Bwana Wanga aliposema uzi mwekundu pale mlangoni, Dada alijua ni nani aliyelala kule.

"Ulijua si wetu," nikasema. "Na bado ukaenda."

"Nilijua ni yule. Nani mwingine angemwendea?" Alikuwa anajiangalia viganja, vimekunjamana kwa maji. "Mungu aliniletea wa watu, nikamtambua kwa shati langu. Wangu atatambuliwa kwa nini?"

Nilitafuta. Mimi niliyejaliwa mdomo nilitafuta neno chumba kizima.

"Matundu ya sindano yanabaki, Dada," nikasema. "Ukitoa uzi, matundu yanabaki. Dobi mwenye macho atayaona."

"Yanaziba nguo ikifuliwa, mdogo wangu," akasema. "Unajua."

Nilijua. Nikachukua pasi, nikatia mkaa, na kuanza na shati la kwanza lililokuwa juu.