Sehemu ya Pili ya Diski ya Gidioni

Cheka ukitaka, lakini mimi si mlevi, na hili lilinipata mchana kweupe, saa tisa, kwenye kibanda changu cha kompyuta hapa Tunduma. Laiti lingekuwa uongo!

Gidioni, mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea diski ya nje ya familia yao. Alitaka niweke humo video ya harusi ya mdogo wake, kisha Jumamosi twende kwao Igamba nikamwonyeshe mama yao ukutani kwa projekta. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, harusini hakufika. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili. Harusi nikaiweka kwenye ya kwanza. Ya pili sikuifungua, mambo ya watu hayo.

Gidioni alipoondoka mvua ikashuka. Mara namwona dada mmoja amekaa kwenye benchi la wateja, kavaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Akanisalimu kama watu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia.

"Mulishani, kaka. Hiyo diski ukiichomeka, sehemu zote mbili zinajifungua?"

"Zinajifungua zenyewe, dada."

"Basi fanya ya pili isijifungue. Mama asiione."

"Kwani wewe nani wao?"

"Mimi ni wa kwao. Niahidi, kaka."

Kazi yenyewe dakika tano, niamini. Unaiondolea ile sehemu herufi yake, ile D au E ambayo kompyuta inaitambulia, basi, hata uichomeke mara mia haifunguki mpaka uirudishie. Lakini nilikuwa na rundo la vyeti vya kudurufu, na kusema kweli nilikasirika. Mtu anakuja kunifundisha kazi yangu? Nikamwambia, "Naahidi, dada," ili aondoke. Kuinua macho, hayupo. Benchi kavu, sakafu haina hata tone la matope, na nje mvua inamwagika. Unadhani nilishtuka? Wala. Nikarudi kwenye vyeti vyangu, nikasahau.

Jumamosi tukafika Igamba. Sebuleni, pembeni ya kiti cha mama, palikuwa na gunia la maharage.

"Ya Ester hayo, mwanangu mkubwa," mama akaniambia. "Yuko Zambia, simu yake inasumbua mwaka mzima huu. Nayachambua kidogo kidogo kwa mkono huu mzima, akija abebe."

Gidioni akainamisha kichwa. Mimi sikuelewa kitu. Nikawasha projekta, nikachomeka diski kwenye kompyuta yangu.

Zikajifungua zote mbili, ya pili ikawa juu. Video iliyokuwamo ikaanza yenyewe, picha ikajaa ukuta mzima: watu wanalia, jeneza katikati, na juu ya jeneza picha ya marehemu kwenye fremu. Kitenge cha kijani, maua ya njano. Jamani, alikuwa yule yule! Nikatafuta pa kubonyeza nifunge, sikupaona.

Mama akauliza, "Gidioni, mlimzika lini?"

Gidioni akaangua kilio. Akasema Ester alifia kwa mumewe Nakonde mwaka jana, wakamzika huko huko, wakamficha mama kwa kuogopa presha ingemuua.

"Mlimzika mimi nachambua maharage yake?"

Kisha mama akaniamuru nionyeshe video yote. Watu walipofika mahali pa kutupia udongo kaburini, akaagiza aletewe udongo wa shambani. Akautupa ukutani, kwa mkono ule mzima. Ukaanguka sakafuni, hakuna aliyethubutu kuufagia.

Mama yu hai. Ila salamu ya Gidioni haitikii mpaka leo, na maharage hajayagusa tena. Gidioni hakutaka hata kuiona diski, ninayo mimi. Jioni ile ile niliiondolea sehemu ya pili herufi yake. Dakika tano, nilizihesabu. Za nini tena? Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku za mvua huwa naacha kazi nikalitazama lile benchi. Maneno ninayo tayari: nisamehe, dada Ester, nilikuahidi. Haji.

Na wewe unayeshika vitu vya watu, mtu akikuomba umfungie kitu, kifunge kwanza, hasira zako baadaye. Usimwambie mtu "naahidi" ili aondoke. Ataondoka kweli.