Kiwanda Kitasimama

Waliomjua walimwita Mkato, na jina hilo lilimkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Alianza kazi katika kiwanda cha mikate akiwa mkataji, nyuma ya kisu kirefu, tangu ndevu zake zilipokuwa za kuhesabika. Na maneno yake nayo aliyakata vipande vyembamba. Siku aliyokwenda kuposa, baba mkwe alimuuliza kilichomleta, na wazee wote wakakaa vizuri wasikie hotuba.

"Binti yako," akasema Mkato, akanyamaza.

Baba mkwe akasubiri, akasubiri tena, mwishowe akasema, "Haya, mchukue kabla hujachoka kusema."

Binti yule ndiye mkewe hadi leo, msusi anayeongea tangu kitana kinapoingia kichwani hadi mteja anapovuka kizingiti. "Nyumbani kwetu," huwaambia wateja wake, "mimi ndiye redio. Mwenzangu ni kitufe cha kuizimia."

Mama Tajiri, mwenye kiwanda, alimpandisha Mkato kuwa msimamizi kwa sababu hiyo hiyo: mtu asiyesema ovyo haharibu mambo. Kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Kila asubuhi Mkato aliandika neno ubaoni kwa chaki, karibu na mlango wa chumba cha kukandia. "Trei zioshwe." "Mvua. Funikeni unga." Watu walisoma, wakaelewa, kazi ikaenda.

Kisha dunia ikaenda kombo. Vita vilizuka nchi za mbali, meli zikazunguka njia ndefu, na ngano ikawa kama harusi ya kitajiri: kila mtu anaisikia, wachache wanaiona. Redio iliyokuwa rafuni ilileta habari mpya kabla zile za jana hazijapoa, na Bi Hamira akazigawa. Mwanamke huyu, mkandaji mkuu, hakupewa jina lake kwa sababu ya unga peke yake. Habari ikiingia sikioni mwake ndogo, ilitoka kinywani imefura.

"Msimamizi, tutapona kweli?" watu walimuuliza Mkato.

"Tutaona," alijibu, akaendelea kuhesabu trei.

Asubuhi moja mkewe alimsogezea kikombe cha chai. "Baba watoto, hao watu wako umewaambia nini kuhusu huu unga?"

"Wafanye kazi."

"Basi?"

"Basi."

"Mume wangu, maneno yasiyotiwa hamira hayashibishi mtu. Iko siku yatakukwama hapa." Akamgusa koo kwa kidole. Mkato akacheka, akamaliza chai, akaenda zake.

Siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, Mama Tajiri alipiga simu kutoka mjini alikokwenda kutafuta unga. Alizungumza kwa kirefu. Alisema anajua watu wana wasiwasi na habari za redioni. Alisema amepata muuzaji, lori litakuja, ingawa siku yenyewe hajahakikishiwa. Alisema kwa sasa wautumie kwa uangalifu unga uliobaki ghalani, na wasimwangushe mteja mkubwa aliyebaki, yaani hospitali. "Waambie wasiogope," alimaliza. "Kiwanda kitasimama."

Mkato akachukua chaki. Aliyatazama maneno yote yale kichwani kama mtu anayetazama mkate mzima, akakata kilichoonekana kuwa kiini chake, akaandika:

TAJIRI KASEMA: KIWANDA KITASIMAMA.

Akapangusa vidole, akatoka kwenda hospitali kumhakikishia mpishi mkuu kwamba mikate ipo. Mpishi yule alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, lakini hakuwa na mzaha na tumbo la mgonjwa. "Wawili wameshaniangusha wiki hii," alimwambia. "Wewe nakuamini. Lakini mikate isipofika leo saa kumi, kesho natafuta mwingine, na sitarudi nyuma."

"Itafika," alisema Mkato.

Aliporudi, kitu cha kwanza kilichomshtua ni ukimya. Mashine ya kukandia haikunguruma. Kinyunya kilikuwa kimejaa kwenye mabeseni, kimeumuka hadi kinachungulia nje. Tanuri lilikuwa limezimwa, kuni zimechomolewa na kumwagiwa maji, na Mzee Moto, mchomaji, ameketi juu ya debe akiwa amevaa shati lake la kutokea.

"Nani kazima tanuri?"

"Wewe," alisema Mzee Moto.

"Mimi?"

"Kwa chaki."

Mkato akageuka kuutazama ubao. Akasoma. Hakuona kosa. "Kitasimama," alisema. "Si ndivyo?"

"Ndivyo. Na sisi tumekusaidia kukisimamisha."

"Kusimama, mzee! Kusimama imara!"

"Hilo *imara* umeliandika wapi?" aliuliza Bi Hamira, mkoba wake begani, kanga yake kiunoni. "Basi likisimama, linakwenda? Saa ikisimama, inakupa saa ngapi?"

"Na nyumba ikisimama, imeanguka?"

"Nyumba haiajiri mtu, Msimamizi! Hata cheo chako sasa hatukielewi. Wewe ni wa kusimamia au wa kusimamisha?"

Watu waliguna. Hawakucheka, walikuwa na hofu, na mwenye hofu mzaha humkereketa. Mkato aliitazama saa ya ukutani. Tanuri lilihitaji muda kushika moto, na kinyunya hakimsubiri mtu. Kikizidi kuumuka kitanyong'onyea. Alifungua kinywa aseme "Washeni." Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Kisha akaona kuwa Mzee Moto hatoki kwenye debe lake kwa neno moja. Koo likamkauka mahali palepale alipoguswa asubuhi.

Akavuta kreti tupu, akapanda juu yake.

"Tajiri kapiga simu," alianza. "Kasema..." Akakwama. "Ngojeni niwape yote, hata makombo."

Akawapa yote. Habari za meli, za muuzaji, za lori. Aliwaambia unga uliobaki ghalani ni wa kesho tu, ukipimwa kwa mkono wa bahili. Aliwaambia mpishi wa hospitali alivyosema, na kwamba mikate hii isipofika saa kumi, basi ubao utakuwa umesema kweli kwa maana yao wao.

"Na lori linakuja lini?" aliuliza Mzee Moto.

"Sijui."

"Lisipokuja?"

"Hilo nalo silijui, mzee wangu. Tajiri mwenyewe halijui. Nilinyamaza nikidhani msimamizi akisema *sijui* watu watakimbia."

"Tulikuwa tunakimbia kwa sababu ulinyamaza," alisema Mzee Moto. "Mtu akifichwa ugonjwa, hujichimbia kaburi mwenyewe."

Hapo ndipo kikasikika kitu: *pwaa!* Zipu ya mkoba wa Bi Hamira ilikuwa imefunguka yenyewe, na kinyunya cheupe kikawa kinatoka taratibu kama ulimi wa ng'ombe.

Watu wote wakautazama mkoba. Bi Hamira akautazama ukuta.

"Bi Hamira," alisema Mkato, "hicho nini?"

"Mafao yangu," alijibu kwa heshima zote. "Nilijua kiwanda kimekufa, nikarithi mapema."

Kicheko kilichopasuka kilimwondoa hata Mzee Moto kwenye debe. Alivua shati la kutokea, akaitisha kuni kavu. Bi Hamira alirudisha urithi wake, wakakuta kitana na ufunguo wa nyumba ndani ya kinyunya. Kilichosalia kilikatwa na kupangwa kwenye trei kwa haraka, kila mtu akimfokea mwenzake kwa mapenzi.

Gari la mikate liliingia hospitali saa kumi ikikaribia kugonga. Mpishi mkuu akachukua mkate mmoja. Ulikuwa bapa, umetandaa kama kandambili.

"Mkato! Umeniletea mikate iliyolala?"

Siku nyingine angejibu "Hapana." Siku hii alimsimulia: simu, chaki, debe, mkoba, mpaka ufunguo. Mpishi alicheka akishika ukingo wa meza.

"Basi, basi! Nimeuliza mkate, umenipa na tanuri!" Akauvunja mkate, akaunusa, akautafuna. "Haujalala huu, umechoka tu. Hata wagonjwa wangu wamelala, wataelewana. Shusha. Na kesho?"

"Kesho ninao. Keshokutwa sijui, ila nitakuambia kesho asubuhi nikijua na nisipojua."

"Hilo ndilo nililotaka kusikia kwa wale wawili," alisema, akamwachia nafasi yake ya kuleta mikate.

Asubuhi iliyofuata lori lilikuwa bado halijaonekana, lakini hakuna aliyekosa kazini. Ubao ulijaa kutoka juu hadi chini, na sentensi ya mwisho ilikuwa imehamia mlangoni. Bi Hamira alisoma kwa sauti, akatua kupumua, akaendelea.

"Msimamizi, chaki ya kesho umebakiza?"

Mkato alitabasamu. "Haya," alisema.

Watu wote wakamgeukia kwa pamoja. "Haya *nini*?"

"Haya, Mzee Moto awashe tanuri, Bi Hamira akande, na mikoba yote ikae nje."