Alama za Viganja

Fundi rangi wetu hatoi neno kabla hajarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja na kufuta kidole gumba kwenye suruali yenye rangi za nyumba zote mtaani. Siku ya tatu bado nilikuwa namsumbua: chumba cha mama kiwe kijivu au njano? Alishanipakia mabaka mawili ukutani nilinganishe. Nikakata shauri: kijivu, ndiyo ya kisasa. Safari hii hakurudi nyuma. Alisogea ukutani, akaweka kiganja juu ya alama za mikono zilizotoka kitandani hadi mlangoni.

"Dada, mama ameanza lini kutembea kwa kupapasa?"

Uso ukanishuka. Naishi naye nyumba moja, na asubuhi ile ile nilikuwa nimemgombeza kwa kuchafua ukuta.